Dawa ya kupunguza uchungu wakati wa kujifungua inamfikia mtoto. Je, inamdhuru?

Mjamzito aliyekaribia siku zake hakosi washauri. Wifi atamwambia asikubali sindano ya mgongo, mtoto atachelewa kuongea. Jirani amesikia kwamba watoto wenye usonji (autism) wameongezeka tangu wanawake waanze kuzaa kwa dawa. Shangazi yeye anaamini kuwa mtoto akizaliwa na usingizi wa sindano, ule uzito hautamtoka mpaka anaingia shule. Na tangu Septemba 22, 2025, siku Rais wa Marekani Donald Trump alipowaambia wajawazito wajiepushe na parasetamoli akiihusisha na usonji, hofu imepata nguvu mpya. Kama Panadol tu ina maneno, itakuwaje dawa inayochomwa mgongoni?

Swali hili ni la haki, na mama anayeliuliza hastahili kuambiwa "usijali" kisha akaachwa hivyo hivyo. Dawa nyingi za kupunguza uchungu zinamfikia mtoto kweli. Baadhi zinamlegeza kwa saa kadhaa baada ya kuzaliwa, nalo hilo ni kweli. Lakini kusema kwamba zinamharibia ubongo, zinamletea usonji au zinamchelewesha kuongea ni dai jingine kabisa, na dai hilo limeshapimwa kwa kufuatilia mamia ya maelfu ya watoto. Nitaeleza lilivyopimwa na kilichopatikana. Kabla ya hapo tuzijue dawa zenyewe, kwa sababu mkanganyiko mkubwa unatokana na kuziweka zote kapu moja.

Nusu kaputi ni dawa ya kumlaza mtu usingizi mzito asijue lolote. Mama anayejifungua kwa njia ya kawaida hapewi. Hutumika kwenye upasuaji, tena siku hizi kwa dharura zaidi au pale sindano ya mgongo isipowezekana.

Pethidini ni dawa kali ya maumivu ya jamii moja na mofini. Huchomwa kwenye msuli, mara nyingi miligramu 50 hadi 100, na ndiyo ambayo mama wa hospitali nyingi za kawaida anaweza kukutana nayo, kama ipo. Haiondoi uchungu wote. Inaupunguza makali na kumletea mama usingizi usingizi.

Gesi ya nitrasi oksaidi iliyochanganywa nusu kwa nusu na oksijeni huvutwa kwa barakoa mama mwenyewe anapoona uchungu unakuja. Uingereza ni jambo la kila siku katika wodi za wazazi. Mama akiacha kuivuta inatoka mwilini ndani ya dakika chache, na ndiyo maana sitaizungumzia sana.

Kisha ipo sindano ya mgongo, na hapa ziko mbili zinazoitwa jina moja. Ya kwanza ni ile ya upasuaji: anachomwa mara moja, dakika chache baadaye hausikii mwili kuanzia kifuani kwenda chini, na ganzi inakwisha baada ya saa kama mbili au tatu. Wengi wetu tunaijua hiyo. Ya pili inaitwa epidurali, nayo ni ya uchungu wa kuzaa kwa kawaida. Mama anaketi ukingoni mwa kitanda, anakumbatia mto, anainamisha kidevu na kuukunja mgongo. Ngozi ya kiunoni inasafishwa kwa dawa ya baridi, inatiwa ganzi, kisha daktari wa usingizi anapenyeza sindano polepole katikati ya mifupa miwili huku akibonyeza bomba lenye maji ya chumvi. Bomba linagoma kubonyea. Anasogeza kidogo, linagoma tena. Ghafla linalegea na maji yanaingia yenyewe. Hapo anajua amefika kwenye nafasi nyembamba iliyo nje ya utando unaofunika mishipa ya fahamu. Anapitisha mrija mwembamba wa plastiki, anaitoa sindano, na mrija unabandikwa kwa plasta mgongoni mpaka begani. Kuanzia hapo dawa inaingizwa kidogo kidogo kwa saa zote atakazokuwa leba. Baada ya dakika 15 hadi 20 mama anaona tumbo linakaza lakini haliumi kama mwanzo, na bado ana akili zake, anaongea, na wakati wa kusukuma ukifika anasukuma.

Sasa mtoto. Kati ya damu ya mama na damu ya mtoto liko kondo la nyuma. Wengi wanaliona kama ukuta. Si ukuta. Karibu kila dawa ya maumivu iliyoingia kwenye damu ya mama hupita kwa kiwango fulani, na kwa hiyo yanayohitaji kuulizwa ni haya: kiasi gani kimepita, saa ngapi kabla ya kuzaliwa, na mwili wa mtoto unaiondoaje.

Kwa pethidini majibu yanajulikana vizuri. Inachomwa kwenye msuli, inaingia kwenye damu yote ya mama, na ndani ya dakika chache iko kwa mtoto. Mtoto hupata kiasi kikubwa zaidi kama saa 2 hadi 3 baada ya mama kuchomwa. Mama anaondoa nusu ya dawa hiyo mwilini kwa saa 3 au 4 hivi. Mtoto mchanga, kwa kuwa ini lake bado halijakomaa, huchukua kati ya saa 13 na 23 kuondoa nusu hiyo hiyo, na zao linalobaki baada ya dawa kuvunjwavunjwa linaweza kukaa mwilini mwake kwa zaidi ya siku mbili. Ndiyo maana mtoto wa pethidini anaweza kuzaliwa mlegevu, akachelewa kuvuta pumzi ya kwanza, au akalala lala na kunyonya kivivu siku ya kwanza na ya pili. Shangazi anaposema amewahi kuona mtoto "aliyezaliwa na usingizi", huenda aliona kweli.

Anachokosea ni kudhani usingizi huo unabaki. Dawa inaondoka, na mtoto aliyesaidiwa kupumua kwa wakati anachangamka. Ndiyo maana mkunga makini huuliza njia imefunguka sentimita ngapi kabla ya kumchoma mama pethidini, na huandika saa aliyomchoma. Mtoto anayetarajiwa kuzaliwa ndani ya saa hizo 2 au 3 anamkuta mkunga ameshaandaa mfuko na barakoa ya kumpulizia hewa. Dawa ya kukata nguvu ya pethidini ipo, inaitwa nalokisoni, lakini jambo la kwanza daima ni hewa.

Epidurali inapita njia nyingine. Dawa ya ganzi inawekwa jirani kabisa na mishipa inayobeba maumivu, kwa hiyo kinachohitajika ni kidogo. Mchanganyiko wa siku hizi mara nyingi ni bupivakaini, ambayo ni dawa ya ganzi, iliyozimuliwa sana pamoja na fentanili, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, kwa kawaida mikrogramu 2 za fentanili katika kila mililita. Zamani ganzi iliyotumika ilikuwa nzito zaidi, miguu ya mama ikafa kabisa na kusukuma kukawa tabu. Picha hiyo ya zamani ndiyo inayosimuliwa hadi leo. Kiasi kinachovuja kuingia kwenye damu ya mama, kisha kupita kwenye kondo, ni kidogo mno kulinganisha na sindano ya msuli.

Hofu ya dawa za leba, hata hivyo, haikuzuka hewani. Ina historia, na historia hiyo inawapa haki yao wanawake wenye wasiwasi. Mwaka 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu kwa wazazi, akapingwa na waliosema kuwa Mwanzo 3:16 inamtaka mwanamke azae kwa utungu. Malkia Victoria alivutishwa klorofomu mwaka 1853 alipomzaa Leopold, na mabishano yakapoa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Freiburg huko Ujerumani ilipata umaarufu kwa mchanganyiko wa mofini na skopolamini uliomfanya mama asikumbuke kitu. Hakuwa amepona maumivu; alipiga kelele, akafungwa kitandani asijiumize, kisha akaamka hana habari. Watoto wengi walizaliwa wamelewa dawa, na baadhi hawakuvuta pumzi.

Daktari wa usingizi mmoja alikerwa na hali ya watoto wa aina hiyo kiasi cha kutaka kuipima. Ni Virginia Apgar wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1952 alibuni alama ambazo leo huandikwa kwenye kadi ya karibu kila mtoto anayezaliwa hospitalini: mapigo ya moyo, kupumua, ukakamavu wa misuli, kushtuka anapoguswa, na rangi ya ngozi, kila kimoja kikipewa 0, 1 au 2. Alipozichapisha mwaka 1953 alilinganisha watoto waliotolewa kwa upasuaji, akaonyesha kwamba wale ambao mama zao walichomwa sindano ya mgongo walizaliwa wachangamfu kuliko wale ambao mama zao walilazwa kwa nusu kaputi. Kwa hiyo swali la wifi, kwamba dawa hii inamfanya nini mtoto, ndilo lililozaa kipimo kinachowaokoa watoto hadi leo. Ila kipimo hicho kinaonyesha tu hali ya mtoto dakika ya kwanza na ya tano, na nani anahitaji msaada. Hakikuwekwa kutabiri akili ya darasani, na mzazi anayeona "7" kwenye kadi asianze kuhesabu masomo ambayo mwanawe atafeli.

Tufike kwenye usonji, kwa sababu ndiko kelele ziliko.

Oktoba 2020 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha utafiti wa watoto 147,895 waliozaliwa kwa njia ya kawaida katika hospitali za Kaiser Permanente, Kusini mwa California, kati ya 2008 na 2015. Karibu robo tatu ya mama zao walipata epidurali. Miongoni mwa watoto wao, 1.9% waligunduliwa kuwa na usonji. Miongoni mwa watoto wa wasioipata, 1.3%. Yaani katika kila watoto 1,000, ni 19 dhidi ya 13. Baada ya kurekebisha hesabu kwa mambo kadhaa, watafiti walisema hatari iko juu kwa 37%. Zaidi ya hapo, kadiri epidurali ilivyokaa muda mrefu ndivyo namba ilivyopanda. Vyombo vya habari vilibeba "37%" na kuacha "19 dhidi ya 13", na habari ikavuka bahari mpaka kwenye simu zetu.

Namba zile hazikuwa za uongo. Tatizo ni kile kinachoweza kusomwa humo. Chukua hospitali yoyote ya rufaa, uhesabu wagonjwa walioletwa kwa ambulansi na waliokuja kwa bodaboda. Wa ambulansi watakuwa wanakufa zaidi. Hakuna atakayesema ambulansi inaua. Tunajua kwamba walioletwa nayo walikuwa na hali mbaya tangu nyumbani. Wanawake wanaopata epidurali nao si sawa na wasioipata. Wengi ni wanaojifungua mara ya kwanza, wenye umri mkubwa kidogo, walioanzishiwa uchungu kwa dripu, wenye mtoto mkubwa au aliyekaa vibaya, wenye leba inayovuta. Nchini Marekani mara nyingi pia ni wenye bima nzuri na elimu, yaani familia zile zile zinazompeleka mtoto kwa mtaalamu mapema na kupata jibu la usonji, wakati mtoto mwingine mwenye dalili zile zile anaitwa mtundu na kuachwa. Na ile namba iliyopanda kadiri epidurali ilivyokaa? Epidurali hukaa muda mrefu pale ambapo leba ni ndefu. Ukiona leba ndefu na mtoto mwenye shida, huwezi kuitupia lawama sindano kabla hujaiuliza leba.

Utafiti ule haukuwa na njia ya kutosha ya kutenganisha mambo hayo, na ndani ya mwezi huo huo vyama 5 vya madaktari wa Marekani, wa usingizi (wakiwemo wa usingizi kwa watoto) na wa uzazi, vilitoa tamko la pamoja kwamba haukuthibitisha kuwa epidurali inaleta usonji. Tamko peke yake lisingetosha kunituliza. Vyama vinaweza kujitetea. Kinachotuliza ni kwamba wengine walirudia kazi hiyo kwingineko.

Manitoba, Kanada, mwaka 2021, walihesabu watoto 123,175. Kwa kutazama juu juu tofauti ilikuwepo: 2.1% dhidi ya 1.7%. Waliporekebisha kwa ugumu wa leba, historia ya afya ya mama na hali ya familia, ilififia kiasi cha kutotofautika na bahati nasibu. Kisha wakafanya jambo ninaloliona kuwa la maana kuliko yote: wakalinganisha ndugu wa tumbo moja. Mama yule yule, alipata epidurali kwa mtoto huyu na hakuipata kwa yule. Chembe za urithi za wazazi ni zile zile, nyumba ni ile ile, na shida ya kuwahi au kuchelewa kumpeleka mtoto kliniki ni ile ile. Kwa ndugu hao tofauti haikuonekana.

Denmark, mwaka huo huo, watoto 479,178: hakuna uhusiano wa maana. British Columbia, Kanada, watoto 388,254: ilibaki tofauti ndogo sana, na watafiti wenyewe wakaandika kwamba huenda inatokana na mambo ambayo hawakuweza kuyapima. Uskochi nako waliwafuatilia watoto 435,281 waliozaliwa kati ya 2007 na 2016, wakaangalia si usonji bali ukuaji wao walipofika miaka miwili: kuongea, kutumia mikono, kutembea. Watoto wa mama waliopata epidurali hawakuwa nyuma. Kwenye mawasiliano na kazi za mikono walikuwa mbele kidogo, ingawa sitamshauri mtu aombe sindano ili mtoto awe mwerevu. Kanuni ile ile ya ambulansi inafanya kazi pande zote mbili.

Parasetamoli nayo imepitia njia hiyo hiyo. Uswidi mwaka 2024 walichapisha hesabu ya watoto karibu milioni 2.5. Kwa kutazama juu juu uhusiano mdogo na usonji ulionekana; walipolinganisha ndugu kwa ndugu ukatoweka. Siku mbili tatu baada ya tangazo la Trump, Shirika la Afya Duniani liliukumbusha ulimwengu kwamba hakuna ushahidi thabiti wa uhusiano huo. Sababu ya ndugu kutoa jibu tofauti si ngumu kuielewa ukijua kwamba usonji una mizizi mikubwa ya urithi. Utafiti wa nchi 5 uliochapishwa 2019, wenye watu milioni 2, ulikadiria kuwa takriban 80% ya tofauti kati ya wenye usonji na wasio nao inatokana na urithi. Mtoto wa aina hiyo ubongo wake ulianza kujengwa hivyo miezi mingi kabla mama hajaingia leba.

Nusu kaputi ina habari yake. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za usingizi zikitumika kwa zaidi ya saa 3 au kwa kurudiarudia, kwa watoto chini ya miaka 3 au kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho, zinaweza kugusa ukuaji wa ubongo. Onyo hilo lilitokana zaidi na wanyama wa maabara. Watu wengi walilisoma nusu. Kwenye upasuaji wa kujifungua mtoto hutolewa dakika chache baada ya mama kulala, si saa 3. Na jaribio lililofanyika katika nchi 7, likawafuata watoto wachanga 722 waliofanyiwa upasuaji wao wenyewe, lilionyesha mwaka 2019 kuwa waliolazwa kwa dawa ya usingizi kwa muda usiofika saa moja hivi walikuwa na akili sawa na waliotiwa ganzi tu, walipopimwa wakiwa na miaka 5.

Nisifanye epidurali ionekane haina dosari. Inaweza kushusha presha ya mama ghafla, na presha ikishuka mapigo ya moyo wa mtoto yanaweza kupungua. Ndiyo maana mama huwekewa dripu, hupimwa presha mara kwa mara na hulazwa ubavu. Baadhi hupata homa, mara nyingi bila maambukizi yoyote, lakini huenda mtoto akatolewa damu na pengine kuanzishiwa antibayotiki kwa tahadhari. Homa kali ya mama si ya kupuuzwa, iwe imetoka wapi. Kusukuma kunaweza kuchukua muda zaidi. Takriban mama mmoja kati ya 100 huumwa kichwa kikali kinachozidi akiinuka. Kuhusu maumivu ya mgongo ya maisha, mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 40 yenye wanawake zaidi ya 11,000 hayakuona tofauti kati ya waliochomwa na wasiochomwa, wala hayakuona kuwa epidurali inaongeza upasuaji. Ujauzito wenyewe, kubeba mtoto na kuinama wakati wa kunyonyesha vinatosha kuumiza mgongo. Na wanaoogopa kupooza wajue kuwa sindano hiyo kwa kawaida huingia chini ya pale ubongo wa uti wa mgongo unapoishia.

Pia kuna upande ambao hauzungumzwi: maumivu makali yenyewe yanamfikia mtoto. Mama anayeteseka anahema haraka haraka, homoni za mshtuko zinapanda, na mishipa inayopeleka damu kwenye mji wa mimba inabana. Damu ya kitovu ya watoto waliozaliwa mama akiwa na epidurali imeonekana kuwa na hali nzuri zaidi ya tindikali, dalili kwamba hawakukosa hewa sana wakati wa leba.

Hewa. Hapo ndipo ningetaka hofu yetu yote ihamie. Katika nchi zetu, mtoto anayezaliwa akiwa mzima na kuishia na mtindio wa ubongo mara nyingi amekosa oksijeni wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, au amepata manjano kali isiyotibiwa, au maambukizi ya siku za mwanzo. Leba iliyokaa mno bila mtu kusikiliza mapigo ya moyo. Mtoto ambaye hakulia, na dakika ya kwanza ikapita watu wakitafuta kifaa. Na kitu kinachoniumiza zaidi kwa sababu hutolewa kwa upendo: kikombe cha dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, au kidonge cha misoprostoli kilichonunuliwa kimya kimya, ambacho mama hupewa nyumbani ili asikae sana hospitali. Dawa hizo hufanya mji wa mimba ukaze bila kupumzika. Kila unapokaza, damu inayomwendea mtoto inapungua. Usipolegea, haimrudii vizuri. Familia inayokataa epidurali kwa kuogopa "kemikali" halafu ikampa mama kikombe hicho imekataa kilichopimwa na kukubali kisichojulikana hata kipimo chake.

Na jambo hili linarekebishika. Februari 2025, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya mradi uliofanyika katika vituo 30 vya mikoa 5 ya Tanzania, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambapo wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia midoli na kupewa vifaa vizuri vya kusikiliza moyo na kumpulizia mtoto hewa. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban 40%.

Epidurali kwa wengi wetu haipo karibu. Wataalamu wa usingizi ni wachache, na wodi yenye wakunga wawili na mama kumi haiwezi kumsimamia mtu mwenye mrija mgongoni. Kwa mama wa huko, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema nini? Unasema mama mzima anayeomba kupunguziwa maumivu apewe, kwa epidurali au kwa dawa kama pethidini, kadiri anavyopendelea na kinachopatikana. Unataja pia kukandwa mgongo, kitambaa cha moto na kupumua kwa utulivu, na unataka kila mama awe na mtu wake wa karibu pembeni. Wauguzi wanaomwambia mwanamke anayelia "ulipokuwa unaipata mimba hukulia" wanafanya kinyume cha mwongozo huo, na maneno hayo hayajawahi kumwongezea mtoto yeyote pumzi.

Kliniki ya mwezi wa nane au wa tisa ndiyo mahali pa kuuliza. Hapa mna dawa gani ya maumivu? Nani ataichoma? Mfuko na barakoa ya mtoto viko leba au vimefungiwa kabatini? Ukifika leba, taja kila ulichokunywa nyumbani, cha kienyeji na cha dukani, bila kuogopa kugombwa. Ukichomwa pethidini, ikariri saa, na mtoto akiwa mvivu kunyonya siku ya kwanza mwamshe, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mkamulie maziwa kwa kikombe ikibidi.

Na wewe ambaye mwanao ameshafika mwaka na nusu hana neno hata moja, au ana miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili, acha kuisaka ile sindano kwenye kumbukumbu za leba. Mpeleke apimwe masikio kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri hachelewi kuongea kwa dawa, anachelewa kwa sababu maneno hayamfikii, na kadiri anavyogunduliwa mapema ndivyo anavyosaidika. Masikio yakiwa mazima, omba rufaa ya kuonana na mtaalamu wa ukuaji wa watoto katika hospitali ya mkoa au ya kaunti, uende na kadi yake ya kliniki, na ukiweza na video fupi ya simu inayomwonyesha akicheza nyumbani.